Ziwa la Bi Zuleha

Ishaka alinikuta nakuna nazi. Nikamwambia asithubutu kunipiga picha nimekaa juu ya mbuzi, mwanamke mzima miguu huku na huku. Akacheka, na ile taa nyekundu ya kamera yake ikaendelea kuwaka. Ndiyo kazi ya mtoto huyu, kuwapiga watu picha wasipotaka.

Ni mtengeneza filamu. Si hizo mnazozijua, za ngumi na mapenzi. Zake mtu hutazama maji ya mfereji dakika arobaini, boti inapita, bata anapita, kwisha habari yake. Na Wazungu humpa tuzo. Aliwahi kutualika ukumbini mjini, mie na baba yake, tukawekwa viti vya mbele. Baba yake akalala akakoroma, na watu wa nyuma wakadhani ile sauti imo ndani ya filamu.

Safari hii alitaka kutengeneza filamu ya asili yake mwenyewe. "Shangazi," aliniambia, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, huanza na neno letu akamalizia na lao, "nataka kujua mimi ni nani." Nikamwambia, wewe ni Ishaka, mtoto wa kaka yangu Mkubwa na marehemu Deeqa, umezaliwa hapa hapa Birmingham, unakaa Edgbaston kwenye nyumba isiyo na mapazia. Wataka kujua nini zaidi ya hapo?

Lakini nilijua anachokitafuta. Marehemu Deeqa alikuwa Msomali, na Wasomali hawachezi na nasaba. Alimfundisha mwanawe kuwataja mababu wa upande wake kwa moyo, fulani bin fulani bin fulani, mpaka pumzi imwishie. Upande wa baba, Ishaka alikuwa na jina moja tu, Maulid, na hilo nalo la kuazima. Baada ya hapo ukuta.

Maana kaka yangu Mkubwa ni Mzungu. Mweupe wa kuungua na jua, macho rangi ya maji ya mvua. Akipita Coventry Road wenye maduka humsalimu Kipashto, na Wabosnia humwamkia kwa lugha yao, naye huwajibu wote kwa Kiswahili cha Mwembetanga na kuwaacha wakikuna vichwa. Ukimuuliza kwao wapi, hukwambia Unguja. Ukimuuliza mama yake nani, hukwambia Bi Zuleha, na ukiuliza mara ya tatu huondoka.

Bi Zuleha ni mama yangu mie.

Kuna jambo sikulisema mbele ya kamera, nalisema hapa mapema ili tusizungushane. Mie nilimpenda Mkubwa. Si mapenzi ya ndugu. Nilimpenda kama mwanamke anavyompenda mwanamume, tangu nina miaka kumi na saba, na sikuacha hata siku moja. Nilijifunza tu kuyakalia.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yangu, fundi Maulid, alikuwa mshonaji, na baada ya vita vya pili vya dunia aliishi na mama kule Arusha. Karibu na hapo, Tengeru, palikuwa na kambi ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliofukuzwa kwao wakazungushwa dunia mpaka wakatua kule. Baba alikuwa akiwashonea nguo. Ulipofika wakati wa kuhamishwa, wengine wakapakiwa kwenda Uingereza kwa meli. Msichana mmoja akaja dukani na mtoto wa kiume amemviringisha kwenye shuka, akamwomba baba amshikie, atarudi jioni. Jioni hiyo ndiyo tunayoingoja mpaka leo.

Mie nilikuwa mchanga, mama hata arubaini hajamaliza. Yule mtoto alikuwa mifupa mitupu, ana homa, hawezi kusimama, na maziwa ya kopo akipewa huyatapika. Alilia usiku kucha. Mama akamhurumia, akampa ziwa. Mie kulia, yeye kushoto. Wakamwita Mkubwa, kwa kuwa mdogo nilikuwa mie. Halafu wazee wakarudi kwao Unguja na watoto wawili, na yule wa pili wakamwandikisha Mkubwa Maulid, basi.

Tulilelewa pamoja, tukapigana pamoja, tukapigwa pamoja. Kisha mwaka mmoja Mkubwa akaanza kubisha hodi. Nilikuwa nikikaa uani kusuka ukili, na yeye, mtu wa nyumba ile ile, akawa anasimama mlangoni anasema hodi, hapiti mpaka nimkaribishe. Mama akamcheka, "We vipi, umekuwa mgeni?" Mie sikucheka. Nilikuwa nikiingoja ile hodi tangu asubuhi.

Siku aliyomwambia mama kwamba anataka kunioa, mama aliangusha upawa. "Mmenyonya ziwa moja," alisema. Sisi hatukujua. Tulijua Mkubwa kaletwa, hatukujua kanyonyeshwa. Wala mama hakutuficha, yeye alidhani jambo lile linajulikana tu, kama mtu anavyojua ana pua.

Mkubwa hakukubali kirahisi. Alikwenda kwa maalimu wake akakaa huko wiki nzima, akarudi na sheria yote kichwani. Ziwa hufanya undugu ikiwa mtoto amenyonya shibe tano, na ikiwa hajatimiza miaka miwili. Akamkabili mama. "Nilinyonya mara ngapi?" Mama akamwambia, "Mara ngapi kitu gani, mwanangu? Miezi." Akauliza, "Nilikuwa na umri gani?" Hilo ndilo swali, na mie nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika shingo yangu kwa mikono miwili. Mama akasema, "Mwaka, labda na ushei. Hata kutembea hujui. Ulikuwa ukibwabwaja tu usiku kucha kama watoto wote."

Mlango ukafungwa hapo. Hakuna aliyetukosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Mkubwa akapanda meli, akafanya ubaharia, akaishia Birmingham kwenye kiwanda cha vyuma. Akamuoa Deeqa, na Deeqa alikuwa mwanamke mwema, nilimpenda kweli. Mie nikaolewa na Mbarouk. Naye alikuwa mwema, simsemi vibaya, namwombea kila nisalipo. Ni Mbarouk aliyetaka tuje huku, na Mkubwa ndiye aliyetutafutia nyumba hii ya Small Heath. Miaka ikaenda. Deeqa akafa, Mbarouk akafuata, wote wawili alitusimamia mazishi yao Sheikh Korane wa msikiti wetu. Baada ya Mbarouk, Mkubwa akachukua ufunguo wa nyumba yangu akautia kwenye mnyororo wake, akasema, "Ukianguka usiku humu ndani, nani atajua?"

Tangu hapo huingia bila hodi. Hunikuta kichwa wazi, nywele nimezifumua, nimevaa kanga ya kuoshea vyombo, na sijifuniki, maana mwanamke hajifuniki kwa kaka yake. Nilihiji naye. Mwanamke alikuwa hapewi viza ya Hija bila maharimu, yaani mwanamume asiyeweza kumuoa, na mie maharimu wangu alikuwa Mkubwa. Tulizunguka Kaaba amenishika kiwiko nisisukumwe. Wenzangu waliniambia, una bahati ya kaka wewe. Nikasema alhamdulillahi.

Kila Ijumaa baada ya sala hutoka kwake Lozells kwa mabasi mawili, akaja kula kwangu. Hayo ndiyo maisha niliyokuwa nayo, na nilikuwa nimeridhika nayo, au nilikuwa nimechoka kutoridhika. Ndipo Ishaka akaja na kamera.

Kwanza alichimba jina la Maulid. Ndilo lililoandikwa kwenye pasi yake kama jina la ukoo, na huku mtu bila jina la ukoo hajakamilika. Nami nilidhani anajua kwamba kwetu jina la mwisho ni la baba tu, mtoto akizaa nalo lake linakuja mbele, la babu linasogea nyuma mpaka linasahauliwa. Waingereza ndio walioligandisha. Miezi kadhaa kijana akaandika barua, akatuma watu makumbusho, akasafiri mpaka Unguja, akarudi na furaha akanionyesha picha ya mzee mmoja wa Makunduchi mwenye sikio moja kubwa. "Shangazi, huyu ni babu wa babu yangu."

"Huyo ni babu wa baba yangu mie," nikamwambia. "Sikio lake hilo, analo binti yangu kule Leicester. Wewe humhusu hata kwa unywele."

Akaitazama tena ile picha, nikamwonea huruma. Nikampa chai na mkate wa kumimina, na ndipo nikamweleza kisa cha kambi na msichana na shuka na kilio cha usiku kucha, kwa kamera, yote isipokuwa lile langu. Yeye alijua tu kwamba baba yake alilelewa, akadhani waliomlea ni jamaa zake wa damu, maana baba yake hakuwahi kumsimulia.

Basi akaanza upya. Akatema mate kwenye kichupa akayatuma kwa posta yakapimwe nasaba, na mate yakamletea binamu huko Melbourne aitwaye Kalaris. Kumbe akina Kalaris ni Wagiriki waliokuwa na shamba la kahawa Arusha, na mmoja wao alikuwa na mke nyumbani na macho ya nje. Upande wa msichana ulikuwa mgumu zaidi. Akaenda kwa Wapolandi wa hapa hapa mjini, wana kanisa lao, akakaa nao Jumapili baada ya Jumapili akinywa supu zao na kuuliza nani alipita Tengeru utotoni. Mtu akamtuma kwa mtu, na huyo akamtuma kwa mwingine.

Siku aliyoniita Edgbaston ilikuwa Jumatatu. Nikapanda basi mpaka mjini, kisha tramu, naye akanipokea kituoni na kunishika mkono kama yai. Ukuta wake mzima ulikuwa umejaa karatasi. Kalaris upande mmoja. Upande wa pili Sowa, jina la baba wa yule msichana, na chini yake Kessler, jina la mama yake, ambalo ni la Kijerumani. Ishaka alikuwa akipita mbele ya ule ukuta akigusa kila jina kwa kidole. "Mgiriki, Mpolandi, Mjerumani," alisema. "Na mimi naitwa Maulid." Hakuwa akicheka wala kulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika nyumba ya watu akakuta wamehama.

"Yule msichana yu hai?" nikamuuliza.

"Jadwiga? Hapana. Alishuka kwenye meli, akakaa kambi nyingine huku Uingereza, akaenda Kanada. Alikufa zamani. Hakuzaa tena." Akanikalisha mbele ya kompyuta. "Lakini nimempata Baba, Shangazi. Tazama."

Ilikuwa picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo cha kanisa la kambini. Mwandiko wa padri, wa kulala lala. Mama, Jadwiga Sowa. Baba, pamewekwa mstari. Mtoto, Tadeusz. Ishaka akanisomea lugha yao kwa Kiswahili chake, taratibu, mpaka akafika kwenye siku ya kuzaliwa. Februari, mwaka arobaini na sita.

"Na meli?" nikasema.

"Agosti, arobaini na nane."

Pasi ya Mkubwa inasema kazaliwa tarehe mosi Januari mwaka arobaini na saba, siku ile wanayopewa wote wasiojua siku yao. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama tulivyofundishwa chuoni. Februari mpaka Februari, mmoja. Februari mpaka Februari, wawili. Na bado ikabaki Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Nikahesabu tena kwa mkono wa pili.

"Hakuwa mtoto mchanga," Ishaka alikuwa akisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka. "Alikuwa mgonjwa tu, kadumaa. Miaka miwili na nusu, Shangazi, mtoto anaongea. Ule usiku ulioniambia, alipokuwa akibwabwaja, hakuwa akibwabwaja. Alikuwa akisema Kipolandi. Alikuwa akimwita mama yake na hakuna aliyemwelewa."

Nikamkumbatia. Tulilia sote wawili, na kila mmoja alikuwa akilia lake.

Akaniomba nimsaidie kumwandaa baba yake. Nikamwambia asimwambie kabisa. Akashangaa. Nikasema mzee ana presha, nikasema yaliyopita si ndwele, nikasema kila kitu isipokuwa sababu. Ishaka akanisikiliza mpaka nikaishiwa. "Ni mama yake," alisema. "Amemsubiri maisha yake yote, hata kama hasemi. Nitamwambia Alhamisi. Ijumaa nitakuja kwako na kamera, mtakuwa pamoja, itakuwa rahisi kwake." Ningembishia vipi? Mtoto kapata alichokuwa akikililia tangu utoto, na haki alikuwa nayo.

Kesho yake nikaenda kwa Sheikh Korane. Ni Msomali aliyekulia Nairobi, Kiswahili chake kina haraka na hakina adabu, lakini elimu anayo. Nikamwambia kuna mwanamke mmoja kaniuliza swali.

"Huyo mwanamke ni mzee?" akauliza.

"Mzee kiasi."

Nikamweleza. Akaniuliza habari za umri mara mbili, na ushahidi, na kama ule mwandiko unaaminika. Kisha akasema, "Baada ya miaka miwili, maziwa ni chakula tu, mama. Hayafanyi undugu. Huyo mwanaume si ndugu yake, na hajawahi kuwa."

"Na kama walihiji pamoja?"

"Mungu hamlaumu mtu kwa asilolijua." Akamimina chai, akanisogezea kikombe. "Lakini sasa huyo mwanamke amejua. Mbele yake atajifunika kama mbele ya mwanaume yeyote. Hawezi kukaa naye peke yao. Anaweza kuolewa naye, hiyo ni halali kabisa." Alinitazama, kisha akatazama chai yake. "Kama bado wanatakana."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mabasi yakinipita. Yarabi, nilikuwa na hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Mama yangu alimnyonyesha mtoto anayekufa, na Mungu atamlipa kwa hilo. Jadwiga alimwacha mwanawe kwa mtu mwema kuliko wote aliowaona. Hakuna aliyetukosea, nimesema. Lakini tungeliweza kuwa na nyumba. Tungeliweza kuwa na watoto, wenye macho rangi ya maji ya mvua na sikio la Makunduchi. Nilifika mlangoni kwangu nikakaa kwenye ngazi ya nje nikalia mchana kweupe, na jirani akatoka kuniuliza kama nimepotewa na ufunguo.

Mkubwa anaijua ile hesabu. Aliisoma wiki nzima kwa maalimu wake, kijana wa miaka kumi na tisa, akitafuta tundu la kupenya, na tundu lilikuwa lile lile moja. Akiambiwa ile tarehe, atahesabu. Au hatahesabu. Mtu kaoa, kazaa, kazika mke, kazeeka. Labda mie peke yangu ndiye niliyebaki kule uani na ukili wangu mkononi, na yeye alikwisha kuondoka zamani. Akihesabu, nampoteza kaka, maana hataweza tena kuingia hapa na ufunguo wake akafunua masufuria yangu bila ruhusa. Asipohesabu, nitabaki na kaka ambaye si kaka, na itanibidi nimwambie mwenyewe, mie mwanamke, kwa mdomo wangu. Nilitaka ahesabu. Nilitaka asihesabu. Alhamisi yote sikula.

Ijumaa nikapika pweza wa nazi, kwa kuwa ndio mchuzi anaoupenda, na kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Ishaka akaja mapema akaweka kamera yake ya miguu mitatu sebuleni.

"Ulimwambia?" nikamuuliza.

"Jana. Nilimpa kila kitu. Majina yote." Alikuwa mnyonge. "Sijui kama nimefanya vizuri, Shangazi. Ukuta sikuthubutu kumwonyesha. Kalaris, Kessler, hakuuliza chochote. Jina la mama yake alilitaja mara moja tu. Halafu akaniuliza tarehe. Nikamwambia. Akaniambia nirudie. Halafu akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, ya kuzaliwa na ya meli, akaitia mfukoni akaniambia niende nyumbani."

Nikageukia jiko. Nikauliza, "Hakusema kitu kingine?"

"Aliuliza kama wewe umeiona."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo. Nikasema ulilia."

Sala ilikwisha. Nilijua kwa magari yaliyoanza kujazana mtaani. Wali ukaiva, nikazima moto, nikauwasha tena, nikauzima. Ishaka akasema basi limechelewa labda. Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, kichwa wazi kama siku zote, na nikamwona anakuja. Alikuwa amevaa kanzu, na koti jeusi juu yake, na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, niliyoitoa kwenye sanduku la Mbarouk nikampa. Anatembea polepole, goti lake la kulia halimpi nafasi. Akafika kwenye geti dogo akasimama kidogo akishika mfuko wa koti. Kisha akaja mpaka mlangoni.

Nikasikiliza ufunguo. Nausikia kila Ijumaa, mnyororo kwanza, kisha kitasa, kisha yeye akisema nini hicho kinanukia. Hapakuwa na mnyororo. Hapakuwa na kitasa.

"Hodi," akasema Mkubwa.

Ishaka akainua kichwa. "Baba kasahau ufunguo," akasema, akaanza kwenda kufungua.

"Kaa," nikamwambia.

Mtandio wangu ulikuwa umetundikwa nyuma ya kiti, ule wa kutokea. Nikauchukua. Pini ikaanguka, nikaiacha. Nikajifunika hivyo hivyo kwa mkono, nywele zote, mpaka kwenye paji la uso.

"Hodi," akasema tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu. Asipojibiwa ya tatu huondoka zake, na hakuna lawama. Ishaka alikuwa akinitazama mie, kisha mlango, kisha mie. "Shangazi, mbona unajifunika? Ni Baba tu."

"Zima hiyo kamera," nikasema.

Akazima. Ndipo nikaisikia ya tatu, na ilitetemeka kidogo mwishoni, na alikuwa kijana tena, na mie nilikuwa nimeingoja tangu asubuhi.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani."

Ishaka akafungua. Mkubwa akaingia akasimama kwenye mkeka wa mlangoni, na hakupita. Akaniona na mtandio wangu. Nilimwona akiuona. Kisha akainamisha macho, akayaweka chini kwenye zulia, kama mwanamume mwenye adabu anavyofanya mbele ya mwanamke wa watu. Hajawahi kuniinamishia macho tangu siku ile mama alipoangusha upawa.

"Kumbe nilikuwa nikimwita," alisema akiwa amelitazama zulia. "Mama yangu yule. Usiku wote ule."

"Bi Zuleha aliitika," nikamwambia. "Hakuelewa, lakini aliitika."

Akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakaingia kwenye ndevu zake. Akautoa mnyororo wake mfukoni, akahangaika na kile kipete mpaka ufunguo wangu ukatoka. Akauweka juu ya meza, kando ya bakuli la pweza, akaufuta na upindo wa kanzu kama vile ulikuwa na vumbi. Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama katikati ya sebule na kamera iliyozimwa.

"Ishaka," alisema, "unayo namba ya Sheikh Korane?"